Mama Kipimo na Rundo Lililopata Joto

Mama Kipimo hakuzaliwa na hasira. Alizipatia kazini, kama wengine wanavyopatia kazini kikohozi au maumivu ya mgongo, na zilimwingia kidogo kidogo, lori baada ya lori, kwa miaka kumi na minne.

Kazi yenyewe ukiisikia utadhani ni ya kupumzikia. Kiwanda cha mablanketi kinahitaji mvuke wa kuchemshia rangi na kukaushia nyuzi. Mvuke unatoka kwenye boila, na boila linakula kuni. Si magogo kama yale ya jikoni, bali vipande vidogo vya kuenea kiganjani, ambavyo mashine huvitafuna kutoka kwenye mikaratusi ya shamba la kiwanda, mwendo wa saa moja kwa lori. Lori likifika getini, kabla halijamwaga, Mama Kipimo hutoka na ndoo yake. Huchota mbele, huchota katikati, huchota nyuma, tena kwa kuzamisha mkono mpaka kwapani, kwa sababu vipande vya juu vimepigwa na jua njiani na ni waongo. Huvichanganya, hupima gramu mia tano, huviweka kwenye maikrowevu kuukuu iliyostaafishwa kutoka kantini, huvitoa, huvipima, huvirudisha, mpaka uzito ukatae kushuka. Uzito uliopotea ndio maji. Maji yakizidi asilimia thelathini na tano, lori halimwagi. Linarudi lilikotoka.

Sasa mweleze hayo dereva aliyeendesha kwenye makorongo saa nzima, ana njaa, na mkewe amempigia simu mara tatu.

"Mama, hizi kuni ni kavu. Sikia zinavyolia."

"Zinalia kwa sababu umezitingisha."

"Kwani boila lina mafua? Maji kidogo litakufa?"

"Boila likila maji linatoa moshi, mvuke haupandi, rangi haishiki, na mablanketi yanatoka na mabaka kama chui. Geuza gari, mwanangu."

Hayo aliyasema kila siku. Na kila siku alikuta mtu amepasha chakula chake ndani ya maikrowevu ya kipimo, ingawa juu yake palikuwa na tangazo la herufi kubwa: HAPA HAPAPASHWI CHAKULA. Alilibandika tangazo hilo mara sita. Mara ya sita alikuta limefunika sahani ya viazi.

Hata nyumbani kazi ilimfuata. Hakuweza kupita kwenye kamba ya nguo bila kuminya pindo la shuka, wala kulala bila kupapasa godoro. Mumewe, fundi cherehani mpole aliyeshonea chumba cha mbele, alikuwa amezoea. "Usinipime na mimi tu," alimwambia, "maana utanirudisha kwetu."

Kwa miaka minne Mama Kipimo aliandika barua za kuomba maturubai. Msimu wa mvua ulipokaribia, kiwanda kililimbikiza rundo kubwa uwanjani, refu kama nyumba mbili zilizounganishwa, la kulisha boila miezi mitatu ambayo malori hayawezi kupita kwenye tope la shambani. Kila kipande katika rundo hilo kilipita kwenye ndoo yake na jina lake lilikuwa kwenye kila mstari wa daftari. Halafu mvua ingekuja na kulilowesha mbele ya macho yake. Aliandika barua kumi na moja. Hakujibiwa hata moja.

Mwaka huu akaja meneja mpya, kijana safi, mwenye viatu vya kung'aa, aliyehamishwa kutoka idara ya mauzo. Alizikuta zile barua kwenye faili, akazisoma zote, akaagiza maturubai. Ungedhani hapo ndipo hasira za Mama Kipimo zingepoa.

Maturubai yalifika siku ambayo hakuwepo. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa, kumsindikiza mama yake kwenye upasuaji wa macho. Jumatatu aliporudi, alisimama getini na mkoba begani asiweze kuendelea. Rundo lilikuwa limefunikwa lote, kutoka kileleni mpaka chini, likakazwa kwa kamba na kukandamizwa pembeni kwa mawe, kama mzigo wa kutuma kwa basi.

"Umeonaje?" meneja aliuliza, akitabasamu kama mtu aliyetoa zawadi.

"Mpaka chini, bosi?"

"Mpaka chini! Tone halipiti."

"Na pumzi je? Kuni zinatakiwa zifunikwe juu tu, kama paa. Pembeni zipitishe upepo. Ukizifunga hivi, unyevu uliomo unabaki ndani, unachemka."

Meneja alitoa simu akamwonyesha barua yake mwenyewe, ya saba, aliyoipiga picha. "Mama, wewe umeandika hapa, 'lifunikwe rundo lote'. Tumelifunika lote."

Ni kweli aliandika hivyo. Angeweza kujing'ata.

"Halafu," meneja aliongeza kwa upole, "hizo kuni si kavu? Si wewe uliyezipima?"

Lilikuwa swali la haki. Kama zote ni kavu, joto litapanda kidogo kisha litatulia. Akaenda kwenye daftari. Katika siku zake mbili za ruhusa yaliingia malori manne, na kwa kuwa hakuwepo, meneja alimkabidhi kipimo mlinzi wa geti. Lori la kwanza: asilimia thelathini na tatu. La pili: thelathini na tatu. La tatu na la nne: thelathini na tatu.

"Baba," alimwita mlinzi, "haya malori manne yalikubaliana?"

Mlinzi alikuna shingo. "Nilifuata namba uliyoacha wewe Jumatano, Mama. Ile ya mwisho. Nikaona ndiyo inayotumika."

"Na maikrowevu?"

"Hiyo niliitumia," mlinzi alisema kwa haraka, akifurahi kuwa na jibu. "Viazi."

Mama Kipimo alishika kichwa kwa mikono miwili. Malori yale manne yote yaliendeshwa na mtu mmoja, mdogo wa mumewe, shemeji yake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi hapo. Alikuwa dereva wa lori na pia wa kijiko, lile tingatinga la kuchotea kuni, maana dereva wa kijiko aliacha kazi mwaka jana na nafasi yake bado ilikuwa "inashughulikiwa".

"Shemeji," alimwuliza, "Alhamisi na Ijumaa ulileta kuni gani?"

"Kuni za miti, shemeji."

"Kavu?"

"Kama mdomo wako ukiwa umekasirika."

Akacheka, akapanda lori, akaondoka. Mama Kipimo aliandika barua ya kumi na mbili, kuomba rundo lifunguliwe pembeni. Meneja akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka kwenye faili.

Wiki tatu zikapita.

Asubuhi moja ya baridi, Mama Kipimo akivuka uwanja na kikombe cha chai, aliona paka watano wamelala kileleni mwa rundo. Uwanja mzima ulikuwa na umande, na paka hawapendi umande, lakini pale juu walikuwa wamejinyoosha matumbo wazi kama wageni wa hotelini. Pembeni yao palikuwa na sare ya mlinzi, shati na suruali, vimetandazwa vizuri.

Kikombe kikamteleza.

"Baba! Nguo zako zinafanya nini kule juu?"

Mlinzi alitoka kibandani akiwa na fulana na kikoi. Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Mama, usimwambie bosi. Pale pana joto zuri ajabu. Nafua nikifika zamu, ikifika saa kumi na moja alfajiri zimekauka. Unaweza kudhani zimepigwa pasi."

"Tangu lini?"

"Kama wiki hivi. Hatukutaka watu wengi wajue, wangepajaza."

"Hamkutaka! Nani na nani?"

"Mimi. Na wale wa kupakia, wanakunywa chai pale. Na mpishi wa kantini ana mgongo, kwa hiyo jioni anajiegemeza."

Yapo mambo ambayo mtu akiyajibu anapasuka mshipa. Alikwenda nyuma ya ofisi, akachukua nondo ndefu ya ujenzi, akaipenyeza kwenye maungio ya maturubai mpaka ikazama karibu yote. Akahesabu polepole mpaka mia tatu. Alipoichomoa na kuishika ncha, aliiachia kwa kelele. Kwenye tundu ilibaki harufu kali, chachu, kama tumbaku iliyolowekwa kwenye siki. Mzee wa boila, aliyekuja kwa kusikia kelele, na ambaye alikuwa amekula moshi maisha yake yote, aliinusa mara moja tu.

"Hili linaiva," alisema. "Siku mbili liwake. Tatu likituhurumia."

Ofisini, meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokera zaidi. Mtu mbaya angalau unaweza kumkasirikia ukapata nafuu.

"Mama, naelewa. Lakini kesho saa nne wanakuja wageni kutoka makao makuu, na wanakuja kuliona rundo. Hilo rundo, na hayo maturubai. Kwani haliwezi kusubiri mpaka kesho kutwa?"

"Moto hausomi ratiba, bosi."

"Basi tupate takwimu. Tulinunua kipimajoto maalumu, kile cha mkuki mrefu. Kipime, uniandikie ripoti ya ukurasa mmoja, nitaidhinisha."

"Kiko wapi?"

"Stoo. Kwenye boksi lake. Tulisema kisichafuliwe."

"Na ufunguo wa stoo?"

Meneja aligeukia kalenda ya ukutani. Mtunza stoo alikuwa likizo, na ufunguo ulikuwa likizo pamoja naye.

Mama Kipimo aliweka kiganja chake mezani, kikiwa na mstari mwekundu wa nondo ukianza kuvimba. "Ripoti yako hii hapa," alisema. "Ukurasa mmoja."

Meneja aliutazama mkono ule. Kisha akavua koti.

Kulifungua rundo lenye joto si kama kufungua sanduku. Ukilichimba mahali pasipo penyewe unaliingizia hewa, na kile kilichokuwa kinafukuta polepole kinapata pumzi na kuwaka. Lazima kijiko kiende moja kwa moja kwenye kuni mbichi, kizikate, kizitoe, kizitandaze sakafuni na kuzimwagia maji. Paka hawakuweza kusaidia hapo. Joto hupanda; wao walilala juu ya bomba la moshi, si juu ya jiko. Jiko lilikuwa pale lilipomwaga lori lenye kuni mbichi, na aliyejua ni lori lipi na lilimwaga wapi alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyekuwa ameegemea kijiko, anatafuna kijiti.

"Shemeji," Mama Kipimo alisema, "leo sina mzaha. Umemwaga wapi?"

"Nimemwaga nini?"

"Mbichi."

"Mbichi gani, shemeji? Daftari linasema thelathini na tatu, mara nne. Kwa mwandiko wa serikali ya geti."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nakujua tangu ulipokuwa unaiba sukari kwenye kabati langu na mdomo umejaa chenga, unasema ni panya."

Wapakiaji walicheka. Yeye pia alicheka, lakini macho yake yalimkimbilia meneja, aliyesimama na mikono ya shati imekunjwa, halafu yakarudi chini. Mama Kipimo aliyaona. Akaelewa kwamba mbele ya meneja hatasema. Ana watoto watatu na kibarua kimoja.

Basi hasira zilimpanda mpaka zikapita, zikamwacha mtulivu kabisa. Aliuchukua mpira wa maji, akaukokota mwenyewe kuelekea upande wa getini. Mlinzi alikuwa amesema kwamba lori la mwisho, kama anakumbuka vizuri, lilimwaga huko.

"Tutaanzia hapa," alitangaza. "Panda kijiko, shemeji. Mimi nitasimama na maji, karibu, nione kitakachotoka."

Wapakiaji wakafungua kamba na kulikunjua turubai. Mvuke mweupe ukaruka kutoka kileleni, paka wakatimua mbio, na mlinzi akazikimbilia nguo zake. Shemeji alipanda, akawasha mtambo. Kijiko kilinguruma, kikainua bakuli lake la chuma, kikasogea hatua mbili, kikasimama. Mama Kipimo alikuwa mbele yake, hatua nne kutoka kwenye ukuta wa kuni, mpira mkononi, kitambaa amejifunga puani.

"Chimba!" alipaza sauti.

Kijiko hakikusogea.

"Chimba, baba, tunachelewa! Au unaogopa?"

Shemeji alitoa kichwa dirishani. Kijiti hakikuwepo tena mdomoni. "Shemeji, toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Si kote ni thelathini na tatu?"

"Shemeji, nakuomba. Toka hapo!"

Hakungoja ajibiwe. Alirudisha kijiko nyuma kwa kishindo, akalizunguka rundo lote, akaenda mpaka kona ya mbali, upande wa ukuta wa boila, akateremsha bakuli la chuma taratibu mpaka likagusa kuni mahali pamoja, kama mtu anayeweka kidole kwenye ramani. Akazima mtambo.

Mama Kipimo alifika akitweta, mpira ukimfuata kama mkia.

"Hapa?"

"Hapa."

"Lori moja?"

Shemeji aliangalia usukani. "Mawili."

"Mawili! Shemeji!"

"Walikata miti asubuhi, wakaisaga mchana, majani bado ya kijani. Walisema shamba lisafishwe kabla ya mwisho wa mwezi, hakuna muda wa kuilaza ikauke. Kama ungekuwepo ungenirudisha, ningezunguka nazo mpaka jioni. Hukuwepo. Nikaona mawili yatapotea kwenye wingi."

"Washa," alisema Mama Kipimo. "Nitakupigia kelele baadaye. Nina nyingi."

Walichimba tangu saa tatu mpaka saa tisa. Kwanza zilitoka kuni za kahawia, kisha nyeusi, kisha nyeusi zinazomomonyoka zikiguswa, na katikati kabisa pakatokea tundu lenye ukubwa wa pipa ambalo, lilipopata hewa, liling'aa jekundu kama jicho. Mama Kipimo na mzee wa boila walilimiminia maji mpaka likalala. Wapakiaji walitandaza kwa mabeleshi. Meneja pia alishika beleshi, na viatu vyake havikung'aa tena siku hiyo wala siku nyingine. Katika rundo lote walipoteza kiasi cha malori matatu. Zilizobaki zilitosha kulisha boila mpaka mwisho wa mvua.

Jioni Mama Kipimo alifungua daftari. Alikata mistari minne ya thelathini na tatu kwa rula, akaandika kando ya yote "Hazikupimwa," na kando ya miwili: "Kuni mbichi. Zimemwagwa nikiwa sipo." Akamsogezea shemeji kalamu bila neno, naye akasaini shingo upande. Meneja alimpa shemeji barua ya onyo badala ya kumfukuza, labda kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na barua ya kumi na mbili kwenye faili na hakutaka ifunguliwe.

Wageni walikuja kesho yake saa nne. Walikuta maturubai yamesimamishwa juu ya miti kama paa, pembeni wazi, na rundo limepunguzwa kimo. Mmoja akauliza kwa nini halijafunikwa mpaka chini. Meneja alikohoa kidogo, akaanza kueleza jinsi kuni zinavyopumua, jinsi unyevu unavyonaswa ukazaa joto, na kwamba rundo lisipopata upepo linajipika lenyewe. Alieleza vizuri sana, kwa mikono, neno kwa neno kama alivyoambiwa. Mama Kipimo alisimama nyuma yao na ndoo yake, akitazama mawingu, akimwomba Mungu subira.

Akiwa bado pale, lori liliingia getini. Shemeji aliruka chini, akamnyang'anya ndoo mbele ya wageni wote, akachota mwenyewe mbele, katikati na nyuma, mkono mpaka kwapani, akamletea.

"Pima, shemeji. Hizi zimelazwa wiki sita. Hizi hata ukizilamba."

Mama Kipimo alipima. Aliondoa sahani ya mtu kwenye maikrowevu, akaingiza kuni, akazitoa, akapima, akazirudisha, akapima tena. Shemeji alisubiri mlangoni, anabadilisha miguu kama mwanafunzi anayengoja matokeo. Sindano ya mizani ilikataa kushuka chini ya gramu mia tatu na ishirini.

"Thelathini na sita," alisema.

"Asilimia moja tu! Shemeji, mimi ni mdogo wa mumeo!"

"Nikusalimie kaka yako?"

"Moja, shemeji! Moja ni nini? Ni jasho langu la kuchotea hilo!"

Mama Kipimo alikwishaandika. Alifunga daftari, akatia kalamu nyweleni, akachukua tangazo lake la saba na gundi.

"Geuza gari," alisema.

Shemeji akaligeuza, akipiga honi ndefu mpaka nje ya geti.